Mkeka wa Juu

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kujisifu. Wengine huitwa watu wa nyumbani kwa sababu wanapenda familia zao. Mimi napenda kitanda changu, kikombe changu, na ile pembe ya ukuta ninayoegemea nikisikiliza taarifa ya habari. Miaka hiyo ya tisini, Migori ilipokuwa imepewa wilaya yake majuzi tu na kila mtu akitembea kama aliyepandishwa cheo, nilikuwa na kiduka cha mafuta ya taa, sabuni na sukari kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Safari yangu ya kwenda kazini ilikuwa kufungua pazia. Mke wangu aliwaambia watu kwamba hata hivyo nilikuwa nachelewa.

Sasa itabidi nieleze mtu kama huyo alifikaje Mwanza kununua mikeka kwa jumla.

Mama mkwe wangu alikuwa na kibanda sokoni Homa Bay. Aliuza vyungu, vikapu, nyungo na mikeka. Mikeka ya mafunjo ya kwetu haikuwa na maneno mengi, kila nyumba ilikuwa nayo. Iliyotafutwa ni mikeka ya ukindu kutoka Tanzania, ile laini yenye mistari ya zambarau na kijani. Walimu wa kike waliitaka, wake za wafanyakazi wa serikali waliitandika sebuleni, na mara mojamoja mzungu aliyekuwa akipita alinunua mmoja akasema atautundika ukutani. Hilo la ukutani mama mkwe hakuwahi kulielewa, lakini aliuza. Aliuza rejareja na kununua jumla, pamoja na wanawake wenzake wa kanisa la Sabato waliokuwa na chama chao kidogo. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, likaletwa robota moja, wakagawana. Robota likiharibika, ni kibanda cha mama na vibanda vya wenzake wote vilivyokaa bila kitu mpaka msimu mwingine.

Aliyekuwa akienda kuleta ni wifi yake mama mkwe, mama mmoja mnene, mwenye sauti, aliyeijua Mwanza kama jikoni kwake. Mwaka huo alianguka kwenye ngazi ya ghala akateguka nyonga. Wakaanza kutafuta mtu. Mke wangu, katika hali ambayo mpaka leo anasema hakuwa amekula vizuri, akasema mume wake ana kidato cha nne na Kiswahili chake ni kizuri.

Hapo wote walikubaliana kwamba nikisema "tafadhali" Tanzania nzima itafunguka.

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo kuhusu maro. Maro ndiye mama mkwe, na kwetu Waluo mwanamume na maro wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Humshiki mkono ovyo. Humtazami akila. Mkiwa na neno, mnampitishia mtu wa katikati, hata kama mtu huyo amekaa kati yenu na nyote mnasikia. Na kulala nyumbani kwake, hapana. Ufike Homa Bay saa yoyote, mvua inyeshe mawe, utakwenda kutafuta gesti. Hata kuegemea kitanda chake ni habari itakayofika nyumbani kabla yako, na wazee watasema umeleta chira, ile laana ya mwiko uliovunjwa.

Kwa hiyo maagizo ya kununua mikeka yalinijia kupitia mke wangu. Maro alisema nigeuze kila mkeka nyuma nitazame kama mashupatu, yaani ile misuko mirefu inayounganishwa kutengeneza mkeka, yameshonwa kwa karibu. Alisema nikunje pembe nione kama inavunjika, ninuse kama una ukungu. Halafu akaongeza kwamba, nikitaka uhakika, niulalie kidogo pale dukani, kwa sababu macho hudanganywa lakini mgongo haudanganywi. Maneno hayo ya mwisho ni yake mwenyewe. Nitayahitaji baadaye.

Isebania niliijua, nilikuwa nimewahi kufika kununua betri. Lakini kuvuka kwa miguu hadi Sirare, wale wabadilishaji pesa wakinipigia miluzi kama mtu anayemjua mjomba wao, kulinitoa jasho. Nilikuwa ng'ambo. Nilisimama upande wa pili nikageuka kuitazama Kenya, ikawa iko palepale, na mbuzi mmoja alikuwa anavuka kurudi bila kuulizwa kitu.

Mwanza nilifika nimechoka, nikalala gesti karibu na bandari. Nasema nililala kwa adabu tu. Kitanda hakikuwa changu, mto ulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mtu mwingine, na ukuta niliouegemea haukuwa na ile pembe. Nilikaa macho nikifikiria duka langu.

Asubuhi nikaenda kwenye ghala la mikeka. Mwenye nalo alikuwa mama wa rika la mke wangu, amekaa juu ya robota amekunja miguu, anakunywa kahawa. Nikamuuliza bei. Akaniuliza habari za safari. Nikasema nzuri, nikamuuliza bei. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri pia, nikauliza kama anauza au hauzi. Akaweka kikombe chini.

"Kaka," akasema, "unaongea kama redio lakini unadai kama askari. Umetoka Kenya?"

Nikakubali kosa. Akacheka, akaniletea kigoda, tukaanza upya kwa salamu. Baada ya hapo biashara ilikwenda vizuri, ingawa nilifanya kosa jingine la mtu aliyezoea kununua kitu kimoja kimoja: niliokota mkeka mmoja mzuri sana, wenye zambarau iliyokolea na mistari myeupe katikati, nikausifu kwa sauti. Mwenye ghala hakusahau. Kila nilipotaka punguzo aliuinua ule mkeka akauzungusha mbele ya macho yangu, na mimi nikalegea. Niligeuza, nilikunja, nilinusa. Aliponiambia niulalie nijaribu, mbele ya wabeba mizigo wake waliokuwa wamejipanga mlangoni, nilikataa. Niliona aibu. Mtu mzima na viatu vyake alale chini dukani kwa watu, watu wa nchi nyingine wakimtazama. Nilisema mgongo wangu ninauamini bila kuujaribu.

Naomba mkumbuke kwamba nilikataa kulala pale.

Mkeka ule wa zambarau tuliuweka juu ya yote, wakafunga robota kwa kamba ya katani. Nje ya ghala wauza vinyago walikuwa wananiita mgeni, mgeni, karibu mgeni. Sikuwahi kuitwa mgeni mahali popote na moyo ukavimba. Nikaona mtu hawezi kwenda ng'ambo akarudi bila kumbukumbu, nikamnunulia mke wangu twiga wa mti. Shingo yake ilivunjika kabla ya Tarime. Yule twiga yuko kwangu mpaka leo, anaonekana kama mbwa mwenye mabega.

Usiku wa kurudi sikulala pia. Robota lilikuwa juu ya basi na mimi nilikuwa chini nikilisikiliza. Kila basi liliposimama nilishuka kutazama kama lipo, mpaka utingo akaniuliza kama nimefunga mtu mle. Musoma ilinyesha. Mpakani afisa alichoma robota kwa kijiti akaniuliza ni mikeka tu, na nilimjibu kwa namna iliyomfanya alichome tena.

Nilifika Homa Bay siku ya Ijumaa, jua likianza kushuka. Wanaowajua Wasabato wanaelewa saa hiyo. Jua likizama Ijumaa biashara imekwisha, hakuna kuuza, hakuna kununua, hakuna kufungua mzigo, mpaka jua la Jumamosi lizame. Sokoni maro alikuwa tayari anafunga kibanda, ananitazama kwa mbali na kulitazama jua. Alipoona kona ya robota ina maji hakusema kitu kwangu. Alimwambia mwanawe wa kiume, shemeji yangu, watafute mkokoteni upesi, mikeka iende nyumbani ikafunguliwe ndani ipate hewa kabla ya Sabato, maana ikilala imefungwa na maji yale itaota ukungu.

Mke wangu alikuwa kule kwao tangu katikati ya wiki akimhudumia shangazi yake, yule wifi wa maro mwenye nyonga. Walifungua robota wakaitandaza mikeka sebuleni mwa maro, mmoja juu ya mwingine lakini ukisogezwa kidogo, ili kila mmoja upate pumzi kwenye ukingo. Ule wa zambarau ukakaa juu. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango, kiti chenye mto mnene na kitambaa cha kufumwa, na kikombe cha chai. Nikaambiwa ahsante kupitia mke wangu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Halafu kila mtu akatoka kwa shughuli yake ya kuipokea Sabato. Mke wangu alikwenda kuteka maji, maro akaenda kuoga, shemeji akarudisha mkokoteni. Nikabaki mimi na mikeka.

Nitasema kilichotokea kama kilivyotokea. Niliona ukingo wa ule mkeka wa juu umejikunja. Nikaweka kikombe chini, nikavua viatu kwa heshima ya mali ya watu, nikapiga goti kuunyoosha. Goti likapenda. Ilikuwa kama kupiga goti juu ya mkate. Nikaweka na la pili ili nifikie upande wa mbali. Nikaweka kiganja. Nakumbuka nikifikiri kwamba maro mwenyewe alisema mgongo haudanganywi. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilichosikia kwanza ni kuimba. Wimbo wa polepole, wa Kijaluo, sauti za wanawake. Kwa muda mfupi nilidhani nimekufa, na jambo lililonisumbua ni kwamba sikuwa nimefunga duka. Kisha nikanusa ukindu.

Nikafungua jicho moja kidogo. Mbele yake kulikuwa na miguu, miguu mingi isiyo na viatu, imepangwa kuzunguka chumba. Wanawake wa chama walikuwa wamekuja kufungua Sabato nyumbani kwa maro kama kawaida yao ya kila Ijumaa, wakakuta mkwe amejinyoosha katikati ya sebule, mdomo wazi, juu ya mikeka yao. Na shida yao ilikuwa hii: nani aniamshe? Maro hawezi kunigusa. Wale wengine wote ni rika lake, ni maro zangu pia kwa heshima. Mke wangu bado yuko mtoni. Saa ya ibada ikafika, jua halingoji mtu. Basi wakakaa viti vya kuzunguka ukuta wakaanza wimbo, nadhani wakitumaini wimbo utafanya kazi ambayo mikono yao haiwezi.

Nilifunga lile jicho. Nikifikiria sasa, hapo ndipo ningeinuka. Lakini kuinuka kunataka mtu apite mahali, na pote palikuwa na miguu ya maro. Nikaamua kuendelea kulala. Mama mmoja mzee akasimama kuomba. Aliombea mvua, akaombea shule, akaombea nyonga ya mgonjwa, halafu, kwa sauti ileile, akamwombea mgeni wetu aliyesafiri mbali na kuchoka, Bwana amjalie pumziko. Nikasikia viti vinatikisika. Watu hawakuwa wanalia.

Amina ilipokwisha, nikasikia sauti ya shemeji mlangoni.

"Shemeji," akasema taratibu, "hapo ndipo umefika?"

Niliinuka. Shavu langu lilikuwa na mistari yote ya mkeka, hata mshono. Nilichukua viatu mkononi nikatoka kinyumenyume, sijui kwa nini kinyumenyume, na hakuna aliyenitazama usoni, ambayo ilikuwa heshima yao ya mwisho kwangu siku hiyo. Mke wangu alinikuta njiani na ndoo kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye aliolewa na mtu wa nyumbani, amemtuma nje mara moja tu, na ameona. Kisha akaingia, na baada ya muda akanifuata na ujumbe wa mama yake. Ujumbe wenyewe ulikuwa, "Mwambie mume wako Sabato njema." Hakuna kingine. Ningefurahi kama ningetukanwa.

Nilikwenda gesti. Sikupata usingizi.

Jumapili asubuhi wanawake walirudi kugawana mikeka. Mimi nilikuwa nje upande wa dirisha na shemeji, nimekaa juu ya tofali, nasikia kila neno. Shangazi mwenye nyonga alikuwa ameletwa kwa mkokoteni uleule, maana alisema hatakosa jambo hili hata kama mguu utakatwa.

"Hii ndio alilala?" akauliza.

Wakamwambia ndiyo, huo wa juu.

"Na hizi za chini?"

Mmoja akasema za chini hakuzigusa. Shangazi akaguna. "Mwanaume mzima, na ametoka kula ugali ya Tanzania. Hiyo uzito ilifika mpaka kwa simiti."

Shemeji alijifunika uso kwa kofia. Ndani wakaanza kuzungumza wote pamoja. Mmoja alisema aitwe baba mdogo wa ukoo, anajua dawa za miti za kunyunyizia. Mwingine akasema maji na sabuni yanatosha. Wa tatu akasema kila mtu achukue wake wa chini, kwa sababu yeye hana undugu na kijana huyo kwa damu, ni heshima tu. Lakini sikusikia mkeka hata mmoja ukiinuliwa. Shemeji akatumbukiza neno lake dirishani, akasema mama mwenyewe si ndiye aliagiza mikeka ilaliwe ijaribiwe. Akaambiwa anyamaze.

Ndipo maro akazungumza. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwalimu wa darasa la Sabato, mtu ambaye wengine walimtazama kabla ya kuamua jambo.

"Sisi ni watu wa kanisa," akasema. "Mambo ya chira tuliyaacha ziwani siku tulibatizwa. Mtu alichoka, akalala. Mikeka ni mikeka."

Wote wakasema kweli, kweli. Shangazi peke yake hakusema kweli.

"Sawa," akasema. "Basi anza wewe. Chukua hiyo ya juu utandike kwako ndani."

Nilisimama kidogo nikachungulia. Sikupaswa, lakini nilichungulia. Maro alikuwa ameketi na mikono juu ya mapaja. Alinyoosha leso yake kwenye goti. Akainyoosha tena. Wanawake wote walikuwa wanautazama mkono wake, na mkono haukwenda. Uso wake, ambao sikuwahi kuutazama vizuri kwa sababu ya ile heshima, nikauona umeshuka.

Mpaka hapo aibu yangu ilikuwa ile ya kuchekwa. Ya kuchekwa nimeizoea, mke wangu hunifanyisha mazoezi kila siku. Hii ilikuwa nyingine. Mama yule alikuwa na mambo mawili ambayo alikuwa ameyaweka pamoja moyoni maisha yake yote bila mtu kumuuliza lipi liko juu, na mimi kwa kulala kwangu nimemfanya aulizwe mbele ya wenzake. Hakuweza kusema ndiyo na hakuweza kusema hapana. Na robota liko pale katikati, la kila mmoja wao, na hakuna wa kuligusa.

Nikamwita mke wangu dirishani nikamwambia awaambie mikeka yote nitaiuza mimi. Nitaipeleka Migori, itoke kabisa mikononi mwao, na kitakachopatikana kitawarudia safi.

"Wewe?" akasema. "Utauzia wapi, kwa pazia?"

Lakini alikwenda akasema. Nikasikia sauti ya maro, ndogo, ikisema kama mume wa binti yake ameamua hivyo, sawa.

Mtu aliyezoea kuuza sukari akiwa amekaa kwenye chumba chake hajui kuuza. Sokoni Migori unauza umesimama, jua liko kichwani, na watu wanakupita kama nguzo. Nilitandaza mikeka chini nikabaki nimenyamaza, nikitumaini itajiuza. Sikujua kwamba habari ilikuwa imenitangulia. Siku ya pili mama mmoja muuza nyanya alisimama akaniangalia, akaita mwenzake, akamwambia kwa Kijaluo, ndiye huyu. Baada ya hapo sikukosa watu. Walikuja kucheka wakabaki kushika mikeka, na mtu akishika ukindu mzuri ameshanunua nusu. Mwanamume mmoja wa karakana ya baiskeli akaanza kunifanyia tangazo bila kuombwa.

"Njooni, mikeka imejaribiwa," alikuwa anaita. "Imejaribiwa na mtaalamu. Ukilala hapa hata kwaya haikuamshi."

Niliinama nikapanga mikeka iliyokuwa imepangwa tayari. Masikio yalikuwa yanaungua. Lakini mikeka ilikwenda. Wenye maro zao waliuliza kama mkeka wanaoununua ni wa juu au wa chini, na niliwaonyesha ule wa zambarau niliokuwa nimeukunja pembeni na kuukalia, nikasema ni huu, wanunue bila wasiwasi. Wakauza maneno, nikauza mikeka.

Mwisho ulibaki huo mmoja. Akaja mwalimu mgeni, wa kutoka pwani, aliyepangiwa shule ya huku. Hakujua kisa chochote. Alipita akarudi, akasema huo uliokaliwa ndio mzuri kuliko yote aliyoona sokoni, auziwe. Yule wa karakana akanikonyeza: uza, yeye hana habari. Na kweli nani angejua? Lakini niliona pesa ile ya kumficha mtu ingekwenda mpaka mkononi mwa maro, na mkono ule nilikuwa nimeuona. Nikamwambia mwalimu umeshanunuliwa. Akauliza na nani. Nikasema na mimi.

Mke wangu alizipeleka pesa Homa Bay, zote pamoja na za ule mkeka. Alirudi akasema chama kimepokea na wamemtuma mtu mwingine Mwanza, mwanamke, mwenye kulala mapema. Kuhusu mama yake, alisema mama anasalimu. Nikauliza anamsalimu nani. Akasema anasalimu nyumba.

Miezi ilipita hivyo, nikasalimiwa pamoja na kuta. Mke wangu alikwenda kwao peke yake, na kila mara nilikuwa na sababu. Mara mafuta ya taa yanaletwa, mara nina mafua. Hakuna aliyenikataza kwenda. Lakini hakuna aliyeniambia nije, na nyumba ya maro haiingii mtu kwa kukisia. Jioni nilikaa juu ya ule mkeka kwenye pembe yangu ya ukuta, maana mke wangu alisema kama nimeununua basi niutumie. Ulikuwa mkeka mzuri sana. Sikuwahi kusinzia juu yake tena hata kidogo.

Halafu siku moja shemeji alipita Migori kwa shughuli zake, akaingia dukani, akanunua sabuni ambayo hakuihitaji. Akiwa mlangoni akasema nyonga ya shangazi imepona, Jumapili kuna chakula kidogo cha shukrani kwa mama. Akasema mama ameuliza kama nitafika.

"Ameniulizia mimi au ameiulizia nyumba?" nikauliza.

"Amemuulizia mume wa binti yake," akasema. "Na amesema uje umelala."

Nilikwenda. Nililala usiku mzima kabla ya safari, kwa amri ya mke wangu, nikaamshwa mara kadhaa kuulizwa kama nimelala. Nilipofika mlangoni kwa maro nilisimama nje nikiwa nimeshika kofia. Wanawake wa chama walikuwa wamekaa ukutani kama siku ile, na shangazi alikuwa katikati yao, mguu umenyooshwa. Viti vyote vilikuwa na mito yake minene na vitambaa vyake vya kufumwa. Isipokuwa kimoja. Karibu na mlango kulikuwa na kiti kipya cha mbao, kirefu mgongoni, chembamba makalioni, hakina mto, hakina mikono, kimesimama wima kama askari wa lango. Sikuhitaji kuelezwa. Shemeji akanisogelea sikioni akasema fundi alitaka kukilaza mgongo kidogo, mama akamkatalia.

Maro akatoka jikoni na kikombe cha chai. Kawaida angempa mtu aniletee. Akaja mwenyewe mpaka mahali ambapo heshima inaishia, akakiweka juu ya kimeza. Hakumtazama mtu wa katikati.

"Karibu, baba," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mbao zilinipokea mgongoni kama ubao wa darasani. Wanawake wakaanza kuzungumza mambo yao, na kwa nyuma yao, kwenye kona, nikaona robota jipya kutoka Mwanza. Halikuwa limetandazwa. Lilikuwa limesimamishwa, limefungwa kamba kuanzia chini mpaka juu, na juu ya kamba kamba nyingine. Nikanywa chai yote, macho wazi.